"Prodyuza, hii ngoma imekufa": dhana potofu za chati ninazozisikia kila wiki

Juzi tena. Vijana watatu wa Likoni, hapa Mombasa, kundi nililolirekodi mwenyewe, wameingia studio saa nne asubuhi na nyuso za matangani. Waliachia wimbo Ijumaa, siku hiyo ni Alhamisi. Mmoja akanisogezea simu usoni, kioo kimepasuka kama utando wa buibui: umetazamwa mara 340. "Prodyuza, hii ngoma imekufa. Tuifute tufanye nyingine." Kiitikio cha wimbo huo tulikirudia kutoka adhuhuri mpaka magharibi, kwa sababu sauti ya tatu haikai. Leo haujatimiza siku saba, unashonewa sanda.

Nimelijibu hili mpaka mate yamenikauka. Sasa naliandika, na atakayekuja tena namtumia asome kwanza.

"Wimbo usiposhika wiki ya kwanza, basi."

Tuzungumze Take On Me ya a-ha, kundi la Norway. Kila mtu anaujua: kile kinanda cha mwanzo, na ile sauti inayopanda kwenye kiitikio mpaka unahisi itakatika. Nikiwauliza vijana wimbo huu ulifikaje kileleni, wananiambia ulitoka, ukapiga, kwisha. Uongo mtupu.

Kwanza, kile kipande cha kinanda mpigaji wao Magne Furuholmen alikuwa nacho tangu ujanani kwao Norway, kabla kundi halijaitwa a-ha. Walikipeleka London, wakakiandikia maneno, wakakibadilisha, hata jina la wimbo likawa jingine kabla ya kufika hili tunalolijua. Mwaka 1984 ukarekodiwa na prodyuza Tony Mansfield ukatolewa. Uingereza haukugusa hata mia bora. Video yake ilikuwa watu wanaimba mbele ya ukuta wa buluu, ya kawaida kabisa, kama hizi tunazopiga ufuoni Mama Ngina tukiwa na haraka jua lisizame.

Wakarudi studio. Mapema 1985 prodyuza Alan Tarney akaurekodi upya: wimbo ule ule, sauti zile zile, lakini umekaa. Ukatolewa mara ya pili. Uingereza ukaanguka tena.

Hapo mwenzangu wa Likoni angeshafuta, na namba ya prodyuza angeizuia. Wao wakaenda kwa Steve Barron, mwelekezi wa video, na wachoraji wakakaa na penseli karibu miezi minne wakichora juu ya picha za kamera, moja baada ya nyingine, michoro kama 3,000. Hiyo ndiyo video ya msichana mkahawani anayevutwa na mkono kuingia ndani ya kitabu cha katuni. Ukatolewa mara ya tatu. Marekani uliingia Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya huko, mwezi Julai 1985, chini kabisa, namba 91. Haukuruka. Ulipanda polepole kama mkwezi juu ya mnazi mrefu, na tarehe 19 Oktoba ukawa namba moja. Miezi mitatu ya kupanda, baada ya mara mbili za kuanguka.

Najua jibu lenu: "Lakini Prodyuza, wale walikuwa na kampuni kubwa ya rekodi, Warner, sisi tuna nani?" Sawa, pesa walikuwa nazo. Lakini pesa hizo zilikuwapo pia wimbo ulipoanguka. Uliobadilika ni upigaji, na video. Wimbo haukubadilika. Ndiyo maana nashikilia ushauri wangu hata mkinichoka: ngoma nzuri haifutwi, inavishwa upya. Rudia mchanganyo. Badilisha mdundo chini ya ubeti wa pili. Toa ya gitaa tupu. Piga video yenye wazo moja tu, lakini wazo. Kila mara mtu anakuja kwangu na wimbo mpya mbaya wa kuzika wimbo wa zamani mzuri, na mimi ndiye nashinda kwenye joto hili bila feni, maana feni inaingia kwenye maiki.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Bendi ya Them Mushrooms wa hapa hapa Mombasa walirekodi Jambo Bwana mwaka 1982, wakaupiga mahotelini ufuoni usiku baada ya usiku kwa wageni wanaobadilika kila wiki. Mwaka uliofuata kundi la disko la Boney M wakauimba ng'ambo. Hakuna aliyesimama pale hotelini siku ya saba kuhesabu.

"Namba moja ni namba moja."

Wapi? Wiki gani? Take On Me ilikaa kileleni Marekani wiki moja tu. Uingereza haikuwahi kufika namba moja kabisa. Iliishia namba mbili, nyuma ya The Power of Love ya Jennifer Rush. Wimbo wao uliofuata, The Sun Always Shines on T.V., ndio ulioshika namba moja Uingereza Januari 1986, na huko Marekani haukufika mbali.

Sababu moja ni kwamba chati hazipimi kitu kimoja. Wakati ule ya Uingereza ilihesabu mauzo ya madukani. Ya Marekani ilichanganya mauzo na redio, tena mauzo yenyewe yalikuwa ripoti za maduka. Kuhesabu kwa mashine ya kusoma msimbo wa mistari ulio kwenye bidhaa kulianza kutumika kwenye Hot 100 mwaka 1991. Kwa hiyo mtu akikuambia ngoma yake ni namba moja, muulize chati ya nani kabla hujampa mkono.

"Ukitazamwa sana YouTube, chati ni yako."

Gangnam Style ya Psy, mwimbaji wa Korea Kusini, ilikuwa video ya kwanza kufikisha mara bilioni moja, Desemba 2012. Kwenye Hot 100 iliishia namba mbili, wiki saba. YouTube haikuwa inahesabiwa. Billboard waliiingiza Februari 2013. Uingereza kusikiliza mtandaoni kuliingia 2014, na video zikasubiri mpaka 2018. Na hata baada ya hapo, chati ya Marekani ilihesabu walioko Marekani. Ukiwa Kisauni ukatazama wimbo wako mwenyewe usiku kucha, umewafaidi wauza bando.

Take On Me ilifikisha bilioni yake Februari 2020, miaka 35 baada ya kutoka. Haikurudi namba moja kwa hilo. Ilikuwa haina haja.

Wa kununua watazamaji wa mashine, sina la kuwaambia. Hela hiyo ingelipa mpiga tarumbeta.

"Ukiingia chati umetajirika."

La. Chati haimlipi mtu. Anayelipwa ni aliyesajiliwa kwenye chama cha kukusanya mirabaha: mtunzi kwenye cha watunzi, mwimbaji na mpigaji kwenye chao, mwenye rekodi kwenye chake. Na aliyesajiliwa naye analipwa kwa mgao ulioandikwa, si ule mliokubaliana kwa mdomo juu ya feri. Andikeni nani katunga nini kabla hamjatoka studio. Karatasi ipo pale mezani, na kalamu nimeifunga kwa kamba kwa kuwa mnaondoka nazo.

Wale wa Likoni hawakufuta. Walinuna, wakanywa soda yangu, wakakubali kurudi Jumanne. Ubeti wa pili tunaurekodi upya kwa sababu, ukweli usemwe, yule mdogo wao aliuimba akiwa na mafua na mimi nikampitisha. Kiitikio hakiguswi.