Uhaba wa wahandisi: maana yake ni nini hasa?

Ukisikia nchi haina wahandisi wa kutosha, usikimbilie kuhesabu vichwa. Uhaba wa wataalamu ni pengo kati ya kazi zilizopo na watu wanaoweza kuzifanya kwa uhakika. Ndiyo maana Tanzania inaweza kulia uhaba huku kijana mwenye shahada ya uhandisi akizunguka na bahasha ya vyeti mwaka wa pili sasa.

Kwetu hutajwa sana uwiano huu: mhandisi 1, mafundi sanifu 5 (wanaopima na kukagua kazi), mafundi stadi 25 (wanaoifanya kwa mikono). Wa katikati ndio tunaowasahau, na inaniuma. Simama eneo la ujenzi siku ya kumwaga zege. Mhandisi ameshachora na kupiga hesabu za nondo. Fundi anaona zege gumu, anaongeza ndoo ya maji lilainike. Hapo ndipo anapohitajika fundi sanifu: analijaza kwenye koni ya bati yenye kimo cha sentimita 30, anaivua taratibu, anapima limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiwango, halimwagwi. Jingine analiweka kwenye viboksi vya chuma, likishika analihifadhi majini, mpaka livunjwe kwa mashine siku ya 7 na ya 28 ijulikane nguvu yake. Asipokuwepo mtu huyo, nguzo itasimama na rangi itapakwa, ila nguvu iliyokusudiwa haimo.

Kwa wanasayansi, UNESCO huhesabu watafiti kwa kila watu milioni 1. Hesabu hiyo inafaa kulinganisha nchi, lakini haisemi kama mtafiti ana maabara yenye umeme na kemikali.

Halafu kuna uzoefu. Shahada peke yake haimfanyi mtu mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka mhitimu kwanza afanye kazi chini ya wazoefu, na mpango wake wa mafunzo kwa vitendo, ulioanza 2003, huchukua miaka 3. Nafasi hizo zikiwa chache, vyuo vikiongeza wahitimu foleni ndiyo inayorefuka. Kwa hiyo nikitazama mradi kama Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililojengwa na kampuni za Misri, huwa nauliza: vijana wetu wangapi waliwekwa bega kwa bega na mhandisi mzoefu, wakakabidhiwa michoro na kuachiwa sehemu ya kazi waisimamie wenyewe?