Mwezi unalifunika jua lote? Inategemea siku hiyo mwezi uko umbali gani

Kila ikikaribia siku ya kupatwa kwa jua watu wanaposti ile hesabu, kwamba jua ni kubwa kuliko mwezi mara 400 na liko mbali mara 400, basi vinafunikana sawasawa. Hesabu si mbaya, ila inafanya mtu adhani mwezi una saizi moja angani sikuzote, na sivyo kabisa, saizi inabadilika na hiyo ndo inayoamua utaona nini siku ile.

Angani tunapima kwa digrii. Nyoosha mkono, weka kidole cha mwisho mbele ya mwezi mpevu, utashangaa kinaufunika wote na nafasi inabaki, kwa sababu kidole kina kama digrii moja na mwezi ni nusu yake tu (jaribu kwa mwezi, jua usilitazame bila miwani maalumu, tafadhali sana). Digrii moja ina dakika 60 (si dakika za saa, hizi ni vipande vya digrii). Jua linacheza kati ya dakika 31.5 na 32.5, tofauti ndogo. Mwezi ndo unahangaika, kutoka 29.4 mpaka 33.5, maana kuna wakati uko km 357,000 hivi na wakati mwingine unakwenda mpaka karibu km 407,000.

Sasa ukipita mbele ya jua ukiwa kule mbali hautoshi, unabaki ukingo wa jua unawaka pande zote, ndo kupatwa kwa pete. Na hizi za pete ni nyingi kuliko za kufunikwa lote! Kuna nyingine mimi nazipenda mno, zile za mchanganyiko kama ya tarehe 20 Aprili 2023: mwanzo na mwisho wa njia ya kivuli ni pete, katikati jua linafunikwa lote, kwa sababu dunia ni mviringo na aliye katikati ya njia yuko karibu zaidi na mwezi kwa kilomita elfu kadhaa, basi tofauti hiyo ndogo inatosha kugeuza kila kitu.

Linganisha tarehe 15 Januari 2010 na 2 Agosti 2027. Januari dunia inakuwa karibu na jua kwa hiyo jua linaonekana kubwa kidogo, na mwaka ule mwezi ulikuwa karibu na mwisho wake wa mbali, matokeo yake pete ilidumu dakika 11 na sekunde 8, ndefu kuliko zote za milenia hii. Agosti 2027 ni kinyume chake, jua liko mbali, mwezi uko karibu, na karibu na Luxor kule Misri giza litakaa zaidi ya dakika 6. Ukiweza kufika, nenda.

Sayari nyingine je? Kwenye Mirihi roboti Perseverance ilirekodi mwaka 2022 mwezi unaoitwa Phobos ukikatiza mbele ya jua, ilichukua kama sekunde 40 tu na jua halikufunikwa, maana Phobos una upana wa nusu ya jua na kidogo hivi. Mshtarii ndo kinyume kabisa, jua la huko lina upana wa dakika 6 tu za digrii na mwezi Io ukiutazama kutoka juu ya mawingu ya Mshtarii una kama 36, yaani jua linamezwa, na ile korona (hewa nyembamba ya jua inayong'aa kulizunguka) ya karibu na ukingo wa jua, ambayo kwangu ndo sababu kubwa ya kusafiri kwenda kuangalia, inafichwa pamoja nalo. Kwetu mwezi unazidi jua kidogo sana ndo maana korona inabaki nje tunaiona, japo mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka, na baada ya miaka kama milioni 600 zitakuwa zimebaki pete tu.