Mdudu anayegonga usiku hatangazi kifo cha mtu

Uingereza zamani watu waliamini kabisa kwamba ukisikia tok tok tok usiku ndani ya mbao za nyumba basi kuna mtu anakufa, lakini jamani ni mbawakawa mdogo tu, milimita 7 hivi, anagonga kichwa kwenye mbao anatafuta mchumba. Dume anagonga, jike akiwa karibu anajibu. Sasa usiku wa manane nyumba kimya nani yuko macho? Anayeuguza mgonjwa, ndo maana wao ndo walikuwa wanamsikia.

Ujerumani nao wakamsingizia mbawakawa mwingine, yule mkubwa mwenye taya kama pembe za kulungu, eti anabeba makaa ya moto anachoma mapaa ya nyasi 😅. Taya zile ni za kupigana mieleka na madume wenzake, basi. Huyu hata nyumba yako haitaki, mabuu yake yanakula mbao zilizooza chini ya ardhi miaka 3 na zaidi, akishakua anaishi wiki chache tu za majira ya joto. Anayetafuna boriti za mwaloni ni yule mdogo.