Bila suti angani, mtu hapasuki

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, wapenzi wa The Expanse, tamthilia ya anga ya watu wazima, hubishana juu ya Naomi kuruka nje ya chombo bila suti na kufika kingine akiwa hai. “Wametupiga! Si angepasuka?”

Hapana. Mwili huvimba, lakini ngozi huuzuia usipasuke. Wala haugandi papo hapo, maana hakuna hewa ya kuchukua joto.

Mwaka 1966, huko Houston, bomba la suti ya Jim LeBlanc wa NASA lilichomoka ndani ya chumba kisicho na hewa. Alizimia baada ya sekunde kama 14. Alikumbuka mate yakichemka ulimini. Hewa ikarudishwa, akazinduka.

Kinachoua ni kukosa oksijeni. Na usibane pumzi: mapafu ndiyo yatakayochanika. Ile sindano ya damu yenye oksijeni nyingi aliyojidunga Naomi? Hiyo chumvi ya watunzi.