Kukumbuka kwa Picha na Mahali Unapopajua: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu akitazama karata 52 zilizochanganywa, akazifunika, kisha akazitaja moja baada ya nyingine bila kukosea, wanaomtazama husema amezaliwa na kipaji. Kauli hiyo ni ya kumsifu, lakini imewakatisha tamaa wengi wanaojiona wana vichwa vizito. Tuanze nayo.

Dhana: Wenye kumbukumbu kali wana ubongo wa aina yake.

Ukweli: Mwaka 2003 Eleanor Maguire na wenzake jijini London walichapisha uchunguzi wa watu 10 waliobobea katika kukariri. Kiwango chao cha akili kwa jumla kilikuwa cha kawaida, na umbo la ubongo wao halikuwa na tofauti. Kilichotofautiana ni kazi iliyofanyika walipokuwa wakikariri: sehemu za ubongo tunazotumia kutafuta njia, ikiwemo hipokampasi, zilichangamka zaidi. Watu 9 kati ya hao 10 walikuwa wakitumia mbinu ya mahali, yaani kuvipanga akilini vitu vya kukumbukwa kwenye njia au nyumba wanayoifahamu.

Mwaka 2017 timu ya Martin Dresler iliwafundisha mbinu hiyo watu wasiokuwa na uzoefu wowote, nusu saa kwa siku kwa wiki 6. Kati ya maneno 72, mwanzoni walikumbuka wastani wa takriban 26. Mwishoni walifika 62. Miezi 4 baadaye bado walikuwa wamepaacha mbali pale walipoanzia. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo matokeo yanayotia moyo kuliko yote katika somo hili.

Dhana: Ukibuni picha ya ajabu, imetosha.

Ukweli: Hapa ndipo wanaojaribu mara ya kwanza hukwama. Wanabuni kichekesho kikubwa, kisha wanakiacha kikielea hewani. Picha isipoligusa lile eneo, ukipita hapo tena huoni kitu.

Tuseme una hotuba yenye hoja tatu: gharama, usalama na muda. Ingia kwa mawazo katika nyumba unayoijua. Mlangoni pochi nene imebana kati ya kizingiti na ubao, unasukuma mlango haufunguki: gharama. Kwenye kochi kufuli kubwa kama mtu limelala, mto umebonyea kwa uzito wake: usalama. Dirishani saa ya ukutani imepasuka, mchanga unamwagika juu ya pazia: muda. Kila picha imeshikana na mahali pake, na mahali panafuatana kama miguu inavyopita. Mpangilio huo huhitaji kuukariri kwa sababu tayari unaujua.

Warumi waliyazingatia sana haya. Kitabu cha Kilatini *Rhetorica ad Herennium*, cha karne ya 1 kabla ya Kristo na ambacho mwandishi wake hajulikani, kinataka picha ziwe za kushtua. Lakini kinayaangalia kwa makini hata maeneo yenyewe: pasiwe na mwanga mkali wala giza, pasiwe na msongamano wa watu, na nafasi kati ya eneo na eneo iwe kama futi 30. Kila eneo la tano liwekewe alama, kwa mfano mkono wa dhahabu, usije ukapoteza hesabu. Ushauri huo wa alama ya tano ningempa yeyote leo.

Dhana: Lazima uwe na jumba kubwa ulilowahi kuishi.

Ukweli: Hapana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwapa watu dakika 5 tu kuzunguka jengo la kwenye kompyuta, na likawafaa sawa na waliotumia mahali walipopazoea. Chumba kimoja kinatosha kuanzia.

Dhana: Asiyeona picha akilini hawezi.

Ukweli: Wapo watu wasioona taswira yoyote wakifumba macho. Katika utafiti wa mwaka 2021, watu hao waliombwa wachore kwa kumbukumbu vyumba walivyoonyeshwa. Walichora vitu vichache kuliko wengine, lakini mahali pa vitu hivyo walipapatia vilevile. Kujua kitu kiko wapi na kukiona kichwani ni mambo mawili. Kwa hiyo asiyeona asijitoe mapema. Ajaribu kuegemea zaidi kwenye njia yenyewe.

Dhana: Ukishapanga, umemaliza.

Ukweli: Picha hufifia. Irudie njia yako siku hiyohiyo, kesho yake, kisha baada ya siku kadhaa, bila kuchungulia karatasi. Na usiijaze njia ileile orodha mpya wakati ya zamani bado unaihitaji, maana zitachanganyika.

Dhana: Mbinu hii hunoa kumbukumbu yote.

Ukweli: Mazoezi ya kukariri hunoa kile unachokifanyia mazoezi. Mwanafunzi mmoja Mmarekani, ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 1980, alijifua kwa mbinu yake mwenyewe hadi akaweza kurudia tarakimu 79 alizosomewa mara moja. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye 6 hivi. Mbinu ya mahali nayo haitakuonyesha ulipoacha funguo zako kama hukuangalia ulipoziweka. Itakupangia hoja za hotuba, hatua za huduma ya kwanza au majina ya mifupa ya mkono. Kwa nini hoja ya pili inaifuata ya kwanza, hilo lisome ulielewe kwanza, ndipo ulitafutie pa kuliweka.