Taiti endi wa kisasa akabwe na nani?

Katika mpira wa Kimarekani, taiti endi ana kazi mbili. Anaanza ukingoni mwa safu ya mbele, bega kwa bega na wale wazito wanaosukumana. Kotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akitoa mpira ukimbizwe, yeye anazuia. Akirusha, yeye anachomoka na kuwa mpokeaji. Zamani walinzi hawakukosa usingizi kwa ajili yake, maana wengi walidaka pasi fupi na kuangushwa palepale. Kisha wakaja watu waliotoka kwenye mpira wa kikapu. Tony Gonzalez alicheza michezo yote miwili chuoni California, akamaliza NFL, ligi kuu ya mchezo huu, na mapokezi 1,325, yaani pasi alizodaka. Antonio Gates hakucheza mpira wa Kimarekani kabisa chuoni Kent State, alicheza kikapu tu, na bado akafunga tachidauni 116, yaani kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, akiwa na Chargers.

Mimi nafundisha ulinzi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu wa namna hiyo akabwe na nani? Ukimwekea lainibeka, mlinzi wa safu ya pili, ana nguvu lakini anaachwa kwa mbio. Ukimwekea seifti, mlinzi wa mwisho, ana mbio lakini anazidiwa kimo na kilo. Ukimtoa lainibeka mmoja ukaingiza beki wa tano, ile mipangilio tunayoiita nikeli, wapinzani wanabadili nia na kukukimbizia mpira upande ule uliopunguza uzito. New England ya mwaka 2011 iliishi kwa hesabu hiyo. Rob Gronkowski, karibu mita mbili na kilo 120, alizuia kama mtu wa safu ya mbele na msimu huohuo akapokea pasi 17 za tachidauni.

Angalia kinachotokea kwa sekunde mbili. Kotabeki anajifanya anampa mkimbiaji mpira. Lainibeka anadanganyika, anapiga hatua mbili kwenda mbele kuziba mwanya. Taiti endi naye anainamisha kichwa kama anayetaka kuzuia, halafu anapita kando ya bega la yule lainibeka na kunyoosha moja kwa moja katikati ya uwanja, kati ya lainibeka aliyekwisha geuzwa na seifti aliyesimama mbali. Pasi inapita juu ya kichwa cha wa kwanza na kufika kabla ya wa pili. Nikipitia video na vijana wangu, sihangaiki na pasi yenyewe. Narudisha nyuma mpaka kwenye zile hatua mbili, kwa sababu hapo ndipo yadi ishirini zilipopotea.

Timu nyingi zimetafuta dawa kwa kumtafuta mlinzi mmoja mwenye kila kitu: mbio za beki, mwili wa lainibeka. Arizona walimchagua Isaiah Simmons wa nane katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2020 kwa matumaini hayo, na kufikia 2023 wakawa wamemwachia Giants. Baltimore walibahatika zaidi na Kyle Hamilton, seifti wa sentimita 193 anayeweza kucheza karibu kila mahali. Lakini akina Hamilton ni wachache mno, na sioni busara ya kujenga ulinzi mzima ukisubiri mmoja wao adondoke mikononi mwako.

Mimi naanza na swali jingine: je, huyu kweli anazuia? Jimmy Graham, naye mtoto wa kikapu, alikuwa hatari kubwa sana akiwa New Orleans, ila kuzuia hakukuwa kazi aliyotegemewa. Kwa hiyo ni mpokeaji, akabwe kama mpokeaji. Oktoba 2013 Patriots wa New England walimwekea Aqib Talib, konabeki wao bora, yaani beki anayekaba wapokeaji wa pembeni, na Graham akatoka uwanjani bila kudaka hata pasi moja. Ukijaribu hivyo kwa Gronkowski, konabeki wako atasukumwa mchana kutwa.

Travis Kelce wa Kansas City ni kesi tofauti. Hakuwahi kuwa mwenye mbio kuliko wote, lakini anausoma ulinzi wa kanda, ule ambao kila mlinzi analinda eneo lake, akiwa anakimbia na kusimama palipo wazi. Mwaka 2020 alipata yadi 1,416, rekodi kwa taiti endi. Walinzi wa kanda wakikaa tu kulinda nyasi, yeye anafurahi. Lazima wapokezane mtu, kila mmoja amshike anayeingia kwake na kumfuata. Na lazima kotabeki anyimwe muda. Kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2025, Philadelphia hawakutuma mlinzi wa ziada kumvamia kotabeki hata mara moja. Wanne wa mbele walitosha, Mahomes, kotabeki wa Kansas City, akaangushwa mara sita huku saba wakibaki nyuma kukaba. Kelce aliambulia mapokezi manne na yadi 39.

Kama huna wanne wa namna ile, basi mpige mwanzoni. Sheria ya NFL inaruhusu kumgusa mpokeaji ndani ya yadi tano za kwanza, na ruhusa hiyo watu wanaiacha ioze. Bill Belichick, kocha wa Patriots wakati huo, aliitumia Februari 2002 dhidi ya Marshall Faulk, mkimbiaji wa Rams: walinzi wa ukingoni mwa safu ya mbele walimgonga kwanza, kisha ndipo wakaendelea na kazi nyingine. Ninachowafundisha vijana ni kilekile: hatua moja kuelekea nje, viganja viwili kifuani, umvunjie mwendo, halafu umwendee kotabeki. Unapoteza karibu nusu sekunde ya mashambulizi yako. Nailipa bila kusita, kwa sababu pasi zao zimepangwa kwa hatua, na taiti endi aliyechelewa hayupo pale kotabeki anapomtazamia.

Tatizo ni kwamba makocha wa mashambulizi wameshaliona hilo, na sasa wanamhamisha. Brock Bowers wa Las Vegas, aliyeweka rekodi ya mapokezi 112 katika msimu wake wa kwanza, 2024, mara nyingi anaanza mbali na safu, ambako hakuna mtu mzito wa kumgonga. Kipigo hicho inabidi kitoke kwa beki wa tano. Ndiyo maana nikichagua mtu wa nafasi hiyo siku hizi, kabla ya kupima mbio zake namweka mbele ya mtu aliyemzidi kilo ishirini, nione mikono yake inafanya nini.