Pua Ndefu Ikitangulia

Vichwa vya treni aina ya 93 vya reli ya zamani ya Kenya, yaani U26C za General Electric zilizoingia kazini 1978, vina kabini moja tu, karibu na ncha moja. Upande mmoja wa kabini kuna pua fupi. Upande wa pili kuna pua ndefu iliyobeba injini ya dizeli na redieta.

Pua fupi ikitangulia, dereva anaiona reli vizuri. Pua ndefu ikitangulia, zaidi ya mita 10 za chuma zinakaa kati yake na njia. Kona ikikunja upande wa dirisha lake, anaona. Ikikunja upande wa msaidizi wake, anayekaa dirisha la pili, haoni kitu. Hapo msaidizi ndiye macho ya treni. Anataja ishara kwa sauti, “Kijani!”, na dereva anarudia neno lilelile kabla ya kugusa throto, yaani mkono wa kuongeza nguvu ya injini. Kunyamaza ndani ya kabini hiyo ni kosa kubwa, hata kama nyote mna miaka 20 kazini.

Kule Marekani, kampuni za reli za Norfolk and Western na Southern Railway ziliifanya pua ndefu kuwa mbele kwa makusudi, ili chuma kile kiwakinge wafanyakazi treni ikigonga kitu. Hoja hiyo naielewa. Lakini mimi naona heri kumwona mtu kivukoni mapema.

Vichwa vya DF8B vya SGR, reli mpya ya Kenya, vina kabini mbili, moja kila ncha, kwa hiyo dereva anahama tu. Ila lazima afunge vidhibiti vya kule anakotoka na kupima breki upya kabla ya kuondoka.

Kinachonisumbua zaidi ni neno “mbele” wakati wa kushanti, yaani kusogeza na kupanga mabehewa stesheni. Nikiwa bado msaidizi, mtu wa pointi, yule anayegeuza njia za reli na kumwelekeza dereva, alisema redioni, “Njoo mbele kidogo.” Kwake yeye mbele ilikuwa kwenye mabehewa. Kwa dereva, mbele ya kichwa ni pua fupi, akasogea huko, na mwenzetu alikuwa anavuka reli palepale. Aliruka, akapona.

Tangu nikabidhiwe kiti cha dereva, sianzi kushanti kabla ya kushuka chini, kusimama na mtu wa pointi kando ya reli na kumwonyesha kwa mkono: mbele ni huku.